Nidhamu bila daftari hupotea bila habari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu si mgeni kwa watu wa Lamu, ambao mababu zao walisafirisha boriti, nazi na samaki mkavu hadi Arabuni na Ghuba, wakarudi na tende na mazulia, miaka mingi kabla shule ya kwanza ya serikali haijafunguliwa visiwani. Tajiri aliyeshindwa kuweka hesabu ya shehena zake hakuilaumu bahari. Alijilaumu mwenyewe.

Ajabu ni kwamba sisi tulio walimu na wazazi, tunapofika kwenye mali iliyo azizi kuliko zote, yaani tabia za watoto wetu, huliweka daftari kando tukategemea kumbukumbu, uvumi na hasira. Mwulize mwalimu yeyote hali ya nidhamu shuleni kwake, naye atakujibu kwamba imezorota, au kwamba si mbaya sana. Imezorota kutoka wapi hadi wapi? Tangu lini? Kwa wanafunzi wangapi? Mahali gani, saa ngapi? Aghalabu maswali haya hayana majibu. Na palipokosekana majibu, fimbo hujitolea kujibu.

Katika makala haya nakusudia kutetea hoja moja tu. Takwimu zinaweza kumsaidia mwalimu wa Amu, wa Faza, wa Siyu au wa Kizingitini kulea tabia njema bila kumpiga mtoto; lakini haziwezi kufanya hivyo mpaka kwanza tujifunze kuandika matendo ya watoto badala ya kuandika majina ya kuwabandika. Huenda msomaji akashangaa mtu wa isimu ana nini na mambo ya nidhamu. Jibu ni kwamba kabla takwimu haijawa tarakimu, huwa ni neno. Neno likipotoka, tarakimu zote zinazolifuata hupotoka nalo.

KIBOKO KILICHOONDOKA

Hebu kwanza tukumbushane tulikotoka. Kanuni za nidhamu shuleni za mwaka 1972 ziliruhusu adhabu ya viboko nchini Kenya, lakini kwa masharti: mwalimu mkuu aipitishe baada ya uchunguzi kamili, viboko visizidi sita, mtoto asipigwe mbele ya wenzake, na yote yaliyotendeka yaandikwe. Kila aliyesoma katika miaka hiyo anajua jinsi masharti hayo yalivyovunjwa. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 1999 ilionyesha kwamba walimu wa kawaida waliwachapa watoto kila siku, hadharani, kwa makosa madogo kama kuchelewa au kukosa jibu, na kwamba kumbukumbu zilizotakiwa na kanuni hazikuwekwa. Kwa maneno mengine, hata enzi ya kiboko haikuwa enzi ya daftari.

Mwaka 2001 serikali iliondoa idhini hiyo. Katiba ya 2010 ikamhakikishia kila mtoto kinga dhidi ya adhabu za kikatili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, katika kifungu cha 36, ikatamka wazi kwamba anayemwadhibu mwanafunzi kimwili au kumtesa kiakili anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au yote mawili. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, nayo ikaendeleza kinga za mtoto.

Hata hivyo, kila mara zinapotokea fujo shuleni, kilio cha kurudishwa kwa kiboko husikika upya. Mwaka 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu, hayati Profesa George Magoha, alitamka hadharani kwamba kuna haja ya kukirejesha. Waliomuunga mkono hawakuwa wakatili. Walikuwa watu wenye hofu. Wakenya hawajasahau Kyanguli, Machakos, ambako wavulana 67 waliteketea bwenini mwezi Machi 2001, katika moto uliohusishwa na wanafunzi wenyewe. Hawajasahau pia mwaka 2016, ambapo zaidi ya shule 100 zilichomwa kwa muda wa miezi michache.

Lakini tujiulize kwa makini. Kyanguli iliteketea kabla ya marufuku ya kiboko kushika mizizi, katika nchi ambayo watoto wake walikuwa wamechapwa tangu darasa la kwanza. Ikiwa kiboko ni kinga ya moto, mbona hakikuikinga Kyanguli? Tatizo letu halikuanza tulipokiondoa kiboko. Limedumu kwa sababu tulikiondoa bila kuweka kitu kingine mahali pake. Mwalimu aliambiwa asilolifanya, hakuambiwa alifanyalo. Katika pengo hilo, baadhi ya walimu waliendelea kupiga kwa siri, na wengine wakakata tamaa na kuacha kila kitu kijiendee. Yote mawili ni hasara kwa mtoto.

MANENO YALIYOMO DAFTARINI

Itasemwa kwamba daftari zipo. Naam, zipo. Kila shule ina rejista ya mahudhurio. Mwalimu wa zamu ana daftari lake la matukio ya wiki. Shule nyingi zina kitabu cha makosa, ambacho wanafunzi hukiogopa kuliko mtihani. Basi swali si kama tunaandika, bali tunaandika nini.

Tazama maneno yanayopatikana kwa wingi katika madaftari ya namna hii: mtundu, mkaidi, mjeuri, mtoro, mtovu wa adabu. Kisarufi, yote ni majina ya ngeli ya watu. Hayasemi mtoto alitenda nini. Yanasema mtoto ni nani. Kitenzi kimetoweka, na pamoja na kitenzi wakati umetoweka, mahali pametoweka na sababu imetoweka. Ukisoma kwamba mwanafunzi fulani ni mkaidi, hujui kama alikataa kufagia darasa, kama hakusikia alipoitwa, au kama aliuliza swali ambalo mwalimu hakulipenda. Walimu watatu wanaweza kuliandika neno hilo moja kwa mambo matatu yasiyohusiana. Ukijumlisha wakaidi wote wa muhula upate 30, umejumlisha nini? Umejumlisha hasira za walimu, si matendo ya watoto.

Chukua neno mtundu. Katika Kiswahili hichohicho, tunamwita mtundu mtoto anayevunja kikombe, na tunamwita mtundu fundi kijana anayejua kuifungua mashine ya boti na kuirudisha ikanguruma. Neno moja linabeba lawama na sifa. Atakayelisoma daftarini baada ya miaka miwili, ikiwa ni mwalimu mgeni aliyehamishiwa kisiwani kutoka bara, atalisoma kama lawama tu, na mtoto ataanza muhula akiwa tayari amehukumiwa.

Neno mtoro ni zito zaidi, hasa katika ukanda wetu. Katika karne ya 19 watoro walikuwa watumwa waliotoroka mashamba ya pwani, na wengi wao walipata hifadhi Witu, chini ya Sultani Ahmed aliyejulikana kwa jina la Simba. Leo neno lilelile tunambandika mtoto wa miaka 11 ambaye hakuonekana darasani siku tatu. Neno hili linadokeza kwamba shule ina mmiliki, na kwamba mtoto ni mali iliyokimbia. Haliulizi alikimbia nini. Baada ya mashambulizi ya mwaka 2014, shule kadhaa za eneo la msitu wa Boni zilifungwa kwa muda mrefu kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Mtoto wa huko aliyekosa masomo miezi na miezi, akahamia shule nyingine akiwa amechelewa, je, naye ni mtoro?

Waama, hata maneno yetu mawili makuu yanatuponza. Adabu na adhabu hutofautiana kwa konsonanti moja tu katika matamshi, na wapo wanaoyachanganya hata katika maandishi. Lakini asili zake ni mbali. Adabu ni malezi, ustaarabu na elimu ya kuishi na watu. Adhabu ni mateso. Anayedhani kwamba ya pili ndiyo mlango wa ya kwanza amedanganywa na mlio wa maneno.

TENDO, WAKATI, MAHALI

Tiba yake ni nyepesi kuitaja, ingawa inahitaji mazoezi. Mahali pa jina, weka kitenzi. Badala ya kuandika kwamba mwanafunzi ni mtoro, andika: hakuja Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Badala ya kuandika kwamba ana ujeuri, andika: alipoitwa mbele ya darasa aliinamisha uso na hakujibu. Ukishaandika hivyo, utagundua kwamba katika nyumba nyingi za Waswahili kuinamisha uso mbele ya mkubwa ni heshima, na kwamba kilichokuwa jeuri machoni pa mwalimu pengine kilikuwa adabu machoni pa mama mzazi.

Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Oregon, wataalamu kama Robert Horner na George Sugai walianza katika miaka ya 1990 kujenga utaratibu wa shule nzima wa kukuza tabia njema, ambao leo unatumiwa na maelfu ya shule nchini humo. Nguzo yake moja ni kuwafundisha watoto wote waziwazi tabia zinazotarajiwa, kama wanavyofundishwa hesabu. Nguzo nyingine ni kuandika kila tukio kwa namna moja, ili walimu waketi pamoja mara kwa mara na kuuliza: ni tendo gani linalojirudia, wapi, saa ngapi, linawahusu akina nani, na linampatia mtoto nini? Watetezi wa utaratibu huo hukadiria kwamba wanafunzi wapatao 8 kati ya kila 10 hutengemaa kwa mafunzo hayo ya jumla tu. Wachache wanaobaki ndio wanaohitaji msaada wa karibu, na wachache zaidi msaada wa mmoja mmoja.

Tuseme ipo shule ya msingi katika kisiwa cha Pate. Naibuni kwa ajili ya mfano. Walimu wake wameandika kwa mwezi mmoja matukio yote ya kupigana na kusukumana. Wanapata 40. Mwalimu aliyezoea kuhesabu watu atauliza ni nani hao, apate majina 15 ya kuyaita mbele ya paredi. Lakini anayehesabu mahali na wakati anaona jambo jingine: matukio 26 kati ya 40 yametokea penye tangi la maji, katika dakika 15 za mwisho za mapumziko ya mchana. Kisiwani ambako maji matamu ni ya kuhesabiwa, na ambako wazee walijenga majabia ya kukinga mvua, foleni ya maji si jambo dogo. Hapo dawa haiko mgongoni mwa mtoto. Dawa ni kuongeza mfereji wa pili, kuyapa madarasa ya chini zamu yao ya mapema, na kumsogeza mwalimu wa zamu kutoka langoni hadi tangini. Mwezi unaofuata walimu watahesabu tena. Kama idadi imeshuka, watajua walichofanya. Kama haikushuka, watajua kwamba dhana yao haikuwa sahihi, wajaribu jingine. Fimbo haina uwezo huo wa kujisahihisha.

KALENDA YA BAHARI

Neno takwimu lenyewe lina funzo kwetu. Katika Kiarabu lilikotoka, lina maana ya kunyoosha kilichopinda, na pia maana ya kalenda. Kwa watu wa visiwani maana hizi mbili haziko mbali. Maisha ya Lamu hufuata kalenda ambayo haimo katika ratiba ya Wizara. Zipo siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi. Na zipo siku za maji mafu kati yake. Upo msimu wa kaskazi, bahari inapotulia na wavuvi kutoka kwa wingi, na upo msimu wa kusi, bahari inapochafuka. Zipo saa za chuo, ambapo mtoto husoma Qur'ani kabla au baada ya shule. Upo mfungo wa Ramadhani, na yapo Maulidi yanayokusanya wageni kutoka kila pembe ya pwani kwenye msikiti wa Riyadha.

Basi mchukue mtoto anayevuka kwa mashua kwenda shule. Maji hujaa kwa kuchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku kuliko siku iliyotangulia. Kila anayesafiri kati ya Amu na Pate anajua kwamba penye mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, chombo hungoja maji. Mtoto anayetegemea maji hayo atawahi siku kadhaa, atachelewa siku kadhaa, kisha atawahi tena. Mwalimu asiye na daftari atamwona kama mtoto kigeugeu asiyejali kengele. Mwalimu mwenye daftari, akiiweka rejista yake kando ya kalenda ya mwezi mwandamo, ataona mstari unaopanda na kushuka kama bahari yenyewe.

Vivyo hivyo kwa wavulana wa nyumba za wavuvi. Kama nafasi za wavulana wa gredi za juu huwa wazi zaidi wakati wa kaskazi, na hujaa wakati wa kusi, hilo ni swali la uchumi wa nyumbani kabla halijawa swali la tabia. Huwezi kulitatua kwa kumwita mtoto mbele ya wenzake. Utalitatua kwa kuketi na baba, na nahodha, na pengine kwa kupanga masomo ya ziada katika miezi ambayo watoto wapo. Lakini usipohesabu hutajua. Pengine utahesabu na kukuta kwamba dhana hii si kweli, kwamba wanaokosekana zaidi ni wasichana, na sababu ni nyingine kabisa. Hiyo pia ni faida ya daftari: hutuzuia sisi wasomi kusimulia hadithi nzuri zisizo na ushahidi.

TUHESABU NA MEMA

Ipo hatari ya kulifanya daftari kuwa jela ya makosa. Historia ya shule zetu ina mfano wa kutisha. Wengi wa rika la wazazi wetu wanakikumbuka kile kidude kilichopitishwa mkono kwa mkono ili kumnasa mwanafunzi aliyesema lugha ya mama yake ndani ya eneo la shule. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind, jinsi kifungo kilivyopewa mtoto mmoja, naye akamtega mwenzake ili amkabidhi, na jioni wote waliokipitia wakaadhibiwa. Ule ulikuwa mfumo kamili wa kukusanya taarifa za tabia! Ulikuwa na ushahidi, majina na hesabu. Ulichozalisha ni watoto wapelelezi walioionea aibu lugha ya nyumbani. Kwa hiyo hesabu peke yake si uadilifu. Inategemea unahesabu nini, na kwa nia gani.

Onyo hili linawagusa hasa walimu wageni visiwani. Mtoto wa Amu husema ndoo akimaanisha njoo, na ndia akimaanisha njia. Mtoto wa Kizingitini ana Kitikuu chake. Haya si makosa ya lugha, sembuse ya tabia. Ni lahaja zenye historia ndefu kuliko Kiswahili sanifu. Mtoto anayechekwa kila anapofungua kinywa atanyamaza, na ukimya wake utaandikwa daftarini kuwa ukaidi.

Kwa hivyo daftari linalofaa lina upande wa pili, ambao ni wa mema. Mwandike aliyemvusha mwenzake matopeni. Liandike darasa lililopanga foleni bila kusimamiwa. Mwandike aliyekuwa akichelewa mara nne kwa wiki na sasa anachelewa mara moja. Kisha mwambie! Mtoto asikiapo kutoka kwa mwalimu tendo lake hasa lililompendeza, atalirudia. Akisikia tu kwamba yeye ni mzuri, hajui arudie nini. Hapa pia kitenzi hufanya kazi ambayo sifa ya jumla haiwezi.

Wala mafunzo ya tabia kwa maneno si jambo la kigeni kwetu. Mwana Kupona binti Msham wa Pate, katika utendi wake wa mwaka 1858, alimfundisha bintiye hatua kwa hatua namna ya kuishi na Mungu, na mume na watu. Hakuchukulia kwamba mtoto angezaliwa akijua. Shule zetu huchukulia hivyo kila siku. Tunabandika ukutani orodha ya makatazo, halafu tunashangaa watoto hawajui la kufanya.

JE, YAWEZEKANA KWETU?

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya Wazungu wenye kompyuta. Tutazame jirani zetu. Katika wilaya ya Luwero, Uganda, shirika la Raising Voices la Kampala lilipeleka katika shule za msingi mpango wake uitwao Good School Toolkit, unaowashirikisha walimu, wanafunzi, wasimamizi na wazazi katika kubadili mwenendo wa shule nzima. Watafiti walichagua shule 42, nusu zikapata mpango na nusu zikangoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Baada ya miezi 18, katika shule zilizongoja, karibu wanafunzi 49 kati ya 100 walisema wamepigwa au kuumizwa na mfanyakazi wa shule wiki iliyotangulia. Katika shule zilizopata mpango walikuwa 31. Idadi hiyo bado ni kubwa mno, lakini tofauti ni ya kweli, tena imepatikana katika shule za Afrika Mashariki zenye madarasa yaliyojaa kama yetu.

Zingatia jambo moja: watafiti wale waliwauliza watoto wenyewe. Hawakutegemea kumbukumbu za walimu peke yake. Sisi pia hatuna budi kufanya hivyo. Maswali matano mepesi, yanayojibiwa bila jina mara moja kwa muhula, yatamwonyesha mwalimu mkuu mengi ambayo kitabu cha makosa hakitamwonyesha kamwe. Uliogopa wapi wiki hii? Nani alikusaidia? Mtoto anajua.

Pingamizi la pili ni la haki zaidi. Walimu wamechoka kujaza karatasi. Wana fomu za tathmini ya utendakazi wao, wana alama za mtaala wa umilisi za kupeleka kwa Baraza la Mitihani, na tangu mwaka 2017 walianza kuingiza majina ya wanafunzi katika mfumo wa NEMIS, hata mahali ambapo mtandao huja na kuondoka kama umande. Kuwaongezea fomu nyingine ni kuwaonea. Ninachopendekeza si fomu mpya. Ni kulitumia vyema daftari la mwalimu wa zamu lililopo tayari, kwa kulipigia mistari ya safu tano: tarehe, saa, mahali, tendo, na hatua iliyochukuliwa. Tukio moja, mstari mmoja. Mwisho wa mwezi, walimu waketi kwa nusu saa, wahesabu, wachague jambo moja tu la kubadilisha. Kalamu na rula zinatosha.

Pingamizi la tatu ni la siri za watoto. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka taarifa za mtoto zishughulikiwe kwa idhini ya mzazi na kwa maslahi ya mtoto mwenyewe. Katika miji ambayo nyumba zimeshikana na kila mtu ni shangazi wa mwenzake, sheria hii ina uzito wa pekee. Hesabu za shule zisomwe mbele ya Bodi na wazazi bila majina. Jina la mtoto libaki kwa mwalimu wake, mwalimu wa ushauri nasaha na mzazi wake. Na mwaka ukiisha, mtoto asonge mbele bila kuburura makosa ya gredi ya tatu hadi sekondari.

Onyo la mwisho nalitoa kwa wakubwa wa elimu. Msizitumie hesabu hizi kuzipanga shule kuwa ya kwanza na ya mwisho. Siku mtakapofanya hivyo, makosa yote yatakwisha daftarini na kubaki uwanjani. Shule isiyoandika tukio lolote muhula mzima haina budi kutiliwa shaka kabla ya kupongezwa.

Walimu wenzangu, anzeni na mwezi mmoja. Waiteni walimu wa chuo, ambao wanawajua watoto hawa tangu alifu, mkubaliane nao mambo matatu ambayo shule na chuo vitayafundisha kwa pamoja. Waiteni mama na baba, na msingoje siku ya lawama. Ondoeni daftarini kila neno linalomwita mtoto kitu, mweke linaloeleza alichofanya.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba daftari hili ni la kuwanasa. Mna haki ya kuliuliza lina nini juu yenu, na mna haki ya kusema kwamba siku ile hamkukataa kufika, bali maji yalikuwa yamekupwa. Mwalimu mwema atakwenda kuitazama kalenda ya mwezi. Akikuta mmesema kweli, atasahihisha mstari wake.